Jua Likiacha Maji

Nakijwa hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha mashine kwa bega, akaenda moja kwa moja hadi mezani, na fungu la maharage aliyoyang'oa shambani kwake, mizizi na udongo na vyote, akalibwaga juu ya kibodi.

"Mashine yenu si inasoma kila kitu?" alisema. "Basi isome na hayo."

Nangasu alirudi nyuma na kiti chake. Alikuwa fundi wa saa wa mlima mzima, mtu pekee aliyeruhusiwa kuishika Mgawi, seva iliyofungua na kufunga mageti ya mabwawa ya maji yanayoitwa ndiva. Hakuzoea kumwagiwa udongo kazini. Alikuwa na neno kali mdomoni, lakini akayatazama yale maharage. Majani yalikuwa yamejikunja na kukauka, na katikati ya ukavu ule mimea ilikuwa na maua. Akalimeza lile neno.

"Mama, saa nimeipima sasa hivi. Tazama mwenyewe."

Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha saa ya rejea alichokipandisha mlimani mgongoni, saa isiyokosea hata sekunde moja katika umri wa mtu. Kisanduku kilisema saa sita mchana imepita kidogo. Skrini ya Mgawi ilisema hivyo hivyo, tofauti ikiwa ndogo isiyoweza kumnyima mtu hata debe moja la maji.

"Na hii je?" Nakijwa alichoma skrini kwa kidole.

Chini yake yalikuwapo majina ya ndiva nne. Kivumo, hapo hapo walipokuwa, pamoja na Msindo na Ighunda, zote za mlimani, ziliandikwa kwa kijani. Sekiro, ndiva ya nyikani anakotoka Nakijwa, iliandikwa kwa nyekundu, na mbele yake neno MWONGO.

Tangu Dhoruba ya Jua ilipozikaanga setilaiti, hakukuwa tena na saa inayoshuka kutoka angani. Kila ndiva ilikuwa na saa yake, na saa hizo zikawa zinaulizana. Zile zinazopatana, Mgawi iliziamini. Inayopingana na wenzake ilipewa jina la mwongo na kunyamazishwa. Ndivyo walivyoitengeneza waheshimiwa mafundi wa mjini, watu ambao kwa akili yao wengi hawawezi kukosea kwa pamoja. Nangasu alikuwa ameshaibadilishia saa ya Sekiro betri, ameshaihamishia kivulini ikidhaniwa joto ndilo linaloivuruga, ameshabadilisha hata kebo. Bado ilibaki nyekundu.

"Saa hiyo mnayoitukana iko ukutani kwangu," Nakijwa alisema. "Jua likichomoza nyikani mimi nimeshasimama mferejini na jembe. Mfereji mkavu. Jua linapanda, mfereji mkavu, mimi nasimama tu kama kinyago. Jioni jua liko juu bado, kuku hawajawaza hata kuingia bandani, maji yamekatika."

"Mchana maji ni yenu, usiku ni ya kujaza ndiva. Agano la mlima na nyika linasema hivyo na Mgawi inafanya hivyo."

"Basi mchana wa huku kwenu una kasoro." Aliinama, uso wake ukawa karibu kabisa na wa Nangasu. "Kila safari unaipima saa hii mchana. Unapanda mlima asubuhi, unafika hapa jua la utosi, unapima, unasema iko sawa, unashuka zako. Lala hapa leo. Ipime alfajiri. Maharage yametoa maua, mwanangu. Yakikosa maji siku hizi chache hayatabeba, na yasipobeba hatuna cha kula mpaka mvua za vuli. Nina wajukuu watano. Nitawapikia nini, neno lako mwongo?"

Nangasu hakuna kitu alichokichukia kama kasoro asiyoweza kuieleza kifundi. Akavua koti, akalitandika kwenye benchi na kusema analala.

*

Kulipokucha, Kivumo yote ilikuwa ndani ya ukungu. Ilikuwa kipupwe, majira ambayo mlima hujifunika hadi shingoni. Nakijwa alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa amejitanda kitenge, naye Nangasu alisimama mbele ya skrini, kisanduku mkononi.

Kisanduku kilisema saa kumi na mbili asubuhi. Mgawi ilisema bado ni saa kumi za usiku.

Alidhani macho yana usingizi. Akayafikicha. Kisha akazitazama sekunde za Mgawi zikipita, akazilinganisha na za kisanduku. Sekunde za Mgawi zilikuwa zinajikokota. Kila moja ilichelewa kidogo kuliko inavyostahili, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani. Usiku wa Mgawi ulikuwa umevutwa, ukawa mrefu kuliko usiku wa Mungu.

Ikafika saa moja. Watu walikuwa wameshapita njiani na majembe yao, wakisalimiana. Kwa Mgawi bado ni usiku, na geti limefungwa.

Saa mbili ilikuwa imeshapita wakati ukungu ulipopasuka na jua likachungulia juu ya ukingo wa mlima wa mashariki. Mwanga ulishuka taratibu kwenye majani, ukavuka tuta, ukagusa maji ya ndiva. Hapo hapo skrini ilipepesa na kuandika saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nje mota ilinguruma. Geti likainuka, na maji yakaanza safari ya kwenda nyikani, yakiwa yamechelewa kiasi kile.

"Umeona?" Nakijwa aliuliza. Hakusema kwa furaha.

Nangasu alikuwa ameshatoka mbio. Aliizunguka ndiva mpaka kwenye nguzo ya chuma iliyosimama ukingoni, yenye kigololi cha kioo kilichoelekezwa majini. Siku zote aliambiwa ni jicho la kupimia kina. Aliufuata waya wake kwa vidole, chini ya majani, chini ya kokoto, hadi ukutani, hadi nyuma ya seva, kwenye tundu la saa. Akabaki amechuchumaa pale, akitukana kwa sauti ya chini.

Kila mtoto wa Upare wa milimani anajua ndiva inavyofanya kazi. Jua likigusa maji, fungua. Jua likiacha maji, ziba. Mababu walifanya hivyo na hawakumwibia mtu, maana mashamba yao yalikuwa chini ya ndiva hapo hapo, ndani ya bonde moja na kivuli kimoja. Mwenye maji na mwenye shamba waliliona jua kwa pamoja na kulikosa kwa pamoja. Lakini siku hizi maji yalikuwa yanashuka hadi nyikani, kusiko na mlima wa kuzuia jua. Na mtu fulani, baada ya Dhoruba, aliifundisha mashine ile desturi jinsi ilivyo, kwamba jua kugusa maji ndiyo saa kumi na mbili ya asubuhi na jua kuyaacha ndiyo saa kumi na mbili ya jioni. Mgawi, ambayo haibishi, ikawa inazifinya dakika za mchana na kuzinyoosha za usiku ili hesabu itimie. Katikati ya mchana pande mbili zilikutana, saa ikawa karibu na ukweli. Ndipo Nangasu alipokuwa anafika kuipima, miaka yote hiyo.

Msindo na Ighunda zilikuwa kwenye bonde hilo hilo, nazo zina nguzo kama hiyo. Bila shaka zilikubaliana na Kivumo! Zote tatu zilikuwa zimekaa kwenye kivuli kimoja. Sekiro peke yake, huko nyikani, ndiyo iliyokuwa inaliona jua zima, ndiyo iliyokuwa inasema kweli, na kwa kusema kweli ikaandikwa kwa nyekundu. Na kipupwe kikifika, ukungu asubuhi na mawingu jioni, mchana wa mlimani ulizidi kufinywa, wakati ule ule ambao nyika imekauka zaidi na watu wake wanahitaji maji zaidi.

Alipomweleza Nakijwa, yule mama alirudi kukaa kwenye ngazi ya mlango. Halafu akaanza kulia, analia huku amekunja ngumi.

"Mjukuu wangu mmoja nilimchapa," alisema. "Nilidhani yeye ndiye anayelala na kuacha zamu ipite. Nilimchapa, mtoto wa watu."

*

Mzee Senkondo alikuwa uani kwake akianika tangawizi juu ya turubai. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maji, na alikuwa mdogo wake Kajiru, baba yake Nangasu. Kajiru alipouawa kwa jembe getini Kivumo, wakati watu wa mlima na wa nyika walipokuwa wanachinjana kwa ajili ya maji, Senkondo ndiye aliyemchukua binti na kumlea. Nangasu alikuwa amekula kwenye sahani yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, fundi wangu. Mbona umevimba hivyo asubuhi asubuhi?"

"Nani aliifundisha Mgawi kutazama jua?"

Mzee hakujifanya hamnazo. Alichukua kipande cha tangawizi, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha.

"Mimi," alisema. "Ilikuwa baada ya Dhoruba. Mashine haijui usiku wala mchana, mageti yamefungwa, mafundi wa mjini hawafiki. Watu wameshaanza kunoa mapanga, Nangasu. Wewe ulikuwa chuoni, hukuyaona. Nikaipa mashine kitu pekee nilichokuwa nakijua, alichonifundisha babu yako. Mageti yakafunguka, watu wakarudi makwao. Ulitaka nifanyeje?"

"Siku hiyo ya kwanza sikulaumu. Ulijua lini kwamba inawaibia watu wa nyika?"

Mzee aligeuza kipande kingine cha tangawizi.

"Baba mdogo, ulijua lini?"

"Kipupwe kilichofuata."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo!"

"Tangawizi ilikuwa imestawi kuliko wakati wowote. Watu wamejenga, wamesomesha. Wewe mwenyewe mwaka wako wa mwisho chuoni ulitoka kwenye turubai kama hili." Aliinua uso sasa. "Halafu nisikilize vizuri. Hakuna mkono uliogusa geti. Baba yako aliuawa na mikono ya watu. Tulikula yamini kaburini kwake, sisi na wao, kwamba mkono wa mtu hautagusa geti tena, na atakayeligusa atahama mlima huu na asirudi. Nimelishika Agano hilo. Tangu siku ile hajauawa mtu hata mmoja. Nani mwingine amewapa amani kama hiyo?"

Kilichomuuma Nangasu ni kwamba mzee alikuwa anaamini anachosema. Aliamini kabisa kwamba mikono yake ni misafi.

"Mikono haikugusa," alisema, "lakini maji yamekwenda. Afadhali wangekuja na majembe, baba mdogo, tungejua nani kafanya nini. Hii ya kwako mtu anaibiwa hadi anamchapa mjukuu wake kwa kosa ambalo si lake, na mwizi hana hata jina."

"Chunga mdomo. Saa kama ina kasoro, itarekebishwa. Ipeleke kwenye kamati."

"Kamati ina wajumbe wangapi?"

"Unajua mwenyewe. Wanne, mmoja kila ndiva."

"Watatu wa mlimani na mmoja wa nyikani." Nangasu alicheka, kicheko kibaya. "Na mtakubaliana, eh? Kisha Nakijwa mtamwandika kwa nyekundu."

"Tangawizi inavunwa mwezi ujao," Mzee Senkondo alisema kwa upole, akiinamia turubai lake. "Baada ya hapo tutazungumza."

*

Alasiri Nangasu aliwakuta Nakijwa na mashine pale pale alipowaacha. Alijaribu kila njia aliyofundishwa. Kuinyoosha saa polepole, Mgawi iliruhusu, lakini kwa kipimo chake, na ingechukua wiki nyingi. Kufikia hapo maharage yangekuwa kuni. Kuirusha mara moja kwenye saa ya kweli, iliwezekana pia, lakini saa zilizorukwa Mgawi ingezihesabu kama zimeshatumika, yaani zamu ambayo Sekiro haijaipata ingeandikwa imepata. Na kulikata jicho bila idhini ya kamati, seva ingejifunga yenyewe na mageti yote yangebaki chini. Wahandisi walifikiria wahuni wa kila aina, isipokuwa yule anayekaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Nakijwa alisikiliza yote, akitafuna mdomo.

"Hilo jicho si linatazama mwanga tu?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Basi jua likiondoka, washa tochi uiweke mbele yake. Liamini bado mchana. Geti litakaa wazi hadi nitosheke. Hakuna mkono uliogusa, hakuna Agano lililovunjwa, wala hakuna atakayejua."

Nangasu alimtazama. Ilikuwa njia nyepesi kiasi cha kutia aibu. Tochi ilikuwa mfukoni mwake, betri mpya. Angeweza kuifunga kwenye nguzo kwa kipande cha kamba na kurudi kunywa chai, na usiku ule maharage ya Sekiro yangekunywa hadi yalewe. Aliitoa tochi, akaiwasha na kuizima. Akaiona kesho yake pia: mtu wa Msindo anagundua, anafunga tochi yake, mtu wa Ighunda anaziba jicho kwa matope, kila mmoja anaidanganya mashine kimya kimya na kuapa kwamba hakugusa kitu.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu hicho ndicho alichofanya baba mdogo. Nitakuwa yeye, mwenye tochi."

Nakijwa alisimama wima. "We mtoto, usinichezee! Wewe una dhamiri, mimi nina wajukuu. Usafi wako utaninyweshea shamba?"

"Maji utayapata leo, mama. Lakini atakayekupa atajulikana."

Jua lilikuwa limefika ukingo wa magharibi. Kivuli kilivuka ndiva taratibu, kikafika mwisho wa maji. Mota ikanguruma na geti likashuka. Kutoka pale kwenye tuta nyika yote ilionekana chini, kubwa, ya manjano, imewaka jua kama saa tisa. Bado kulikuwa na mchana mrefu kule, na mfereji wake ulikuwa unakauka wakiutazama.

Nangasu aliingia ndani, akatoka na spana kubwa. Kwanza aliwasha kipaza sauti cha zamu, kile kinachosikika bonde zima.

"Mimi ni Nangasu Kajiru Senkondo, fundi wa saa," alisema. "Saa za Kivumo, Msindo na Ighunda hazisemi kweli. Zinaufupisha mchana, na maji ya watu wa Sekiro yanabaki kwetu. Imekuwa hivyo miaka yote tangu Dhoruba. Mwenyekiti wa kamati anajua. Sasa nakwenda kufungua geti la Kivumo. Nafungua kwa mkono, na mkono ni wangu. Anayetaka kushuhudia aje."

Alivunja lakiri iliyofunga geti kwa pigo moja. Akachomoa pini iliyounganisha mota na geti, akaitupa katikati ya ndiva. Usukani wa chuma wa kuinulia geti kwa mkono ulikuwa umeshikwa na kutu, haujazungushwa na binadamu tangu baba yake alipoanguka pale. Uligoma, kisha ukalia, kisha ukakubali. Geti lilipanda. Maji yaliruka mferejini kwa kishindo, na Nakijwa alipiga yowe, akakimbia kuteremka mlima pembeni mwa mfereji, miguu peku, akiyafuata.

Watu walikuja. Walikuja kutoka Kivumo na Msindo, wengine na majembe mabegani, wakajipanga juu ya tuta. Nangasu aliyaona yale majembe. Akaegemea usukani, akaushika kwa mikono miwili.

Mzee Senkondo alifika wa mwisho, amevaa koti lake la mikutano. Alihema kidogo kabla ya kusema.

"Funga hilo geti, mwanangu."

"Sifungi."

"Umevunja Agano. Juu ya damu ya baba yako!"

"Nimelivunja, na wote wameniona. Kesho nitahama mlima kama lilivyosemwa. Leo niko hapa."

"Mashine italifunga," alisema mtu wa Msindo.

"Mashine haiwezi tena, nimechomoa pini. Kulifunga kunahitaji mtu." Aliuachia usukani, akasogea hatua moja pembeni, na nafasi ikabaki wazi kati yake na mzee. "Karibu, baba mdogo. Kama maji haya ni yako, njoo ulifunge. Kwa mkono wako, mbele ya watu."

Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu chini yao. Mtu mmoja alishusha jembe lake, akaliegemeza chini. Wengine wote walimgeukia mwenyekiti, wakangoja.

Mzee Senkondo alipiga hatua moja mbele. Aliutazama usukani, akaitazama mikono yake, kisha akaiingiza yote miwili mifukoni mwa koti.